Genge, duka, uwakala, msosi, boda au ufundi? Angalia kwanza hela yako itakua inalala wapi

Binti wa dada yangu alimaliza mkataba kiwandani huko Chang'ombe, akalipwa chake, akachanganya na alichokua anaweka kwenye kikoba, jumla ikafika milioni 2.3. Usiku huo huo akanipigia, mama mdogo nifungue nini. Nikamwambia usifungue chochote, njoo kwanza. Akaja Mbagala akakaa kwangu siku 9, na karibu kila siku tulikua tunaenda kukaa kwenye biashara moja, sio kusimuliwa, kukaa pale kabisa na mwenye biashara tangu anapanga mpaka anafunga. Mi mwenyewe nimeuza genge miaka mitatu, nikafanya uwakala wa hela za simu miaka miwili na nusu, sa hivi nina duka, na mume wangu ana pikipiki amempa kijana. Kwaiyo vingine navijua kwa jasho langu, vingine ni vya kukaa na wenyewe na kuuliza.

Naandika hapa maana swali lake ndo swali ninaloulizwa na kila mtu mwenye hela kidogo mkononi, "biashara gani inalipa". Na kila anayejibu anataja ile anayoijua yeye, huyu atasema chipsi, yule mkaa, mwingine kuku. Ukweli ni kwamba zote zinalipa na zote zimewafilisi watu ninaowajua. Swali lililotusaidia sisi lilikua lingine kabisa: jioni ukifunga, hela yako inalala wapi? Iko mfukoni, iko kwenye shelfu, iko ndani ya tenga la nyanya, iko kwenye simu, iko nyumbani kwa jirani aliyekopa, au iko barabarani na mtoto wa mtu? Ukishajua inapolala unajua na kitakachoiua.

Tuanze na genge na duka, maana watu wanazifananisha sana. Zote ziko mlangoni, wateja ni walewale, ila ni biashara mbili tofauti kama usiku na mchana.

Genge unaanza na laki 2 au 3, meza, mwamvuli, ndoo mbili za maji, basi. Kinacholipwa pale ni usingizi wako. Saa 9 usiku uko njiani, Temeke Stereo, Buguruni, Ilala au Mabibo kama unataka ndizi, unakuta malori yanashusha, nyanya za Ilula, vitunguu vya Singida, viazi vya Njombe na Mbeya, machungwa ya Muheza, na ukichelewa ukafika saa 12 unakuta wenzako wameshachukua mzigo mzuri umebaki uliominywa na njia. Nilikua nanunua tenga la nyanya na jirani yangu tunagawana. Tenga hilo hilo nimelinunua 25,000, na miezi miwili baadae nikalinunua 90,000, na hapa ndo watu wengi hawaelewi genge, bei ya fungu haipandi. Mteja wa uswahilini anakuja na 500 yake, hutamuuzia fungu la 700, kwaiyo kinachobadilika ni idadi, mwezi huu fungu lina nyanya 6, mwezi ujao lina 3, na wewe ndo unatukanwa. Ukishindwa kupunguza kwa kuona aibu umekula mtaji, mi nilikula wangu hivyo mwaka wa kwanza.

Hela ya genge inalala ndani ya kitu kinachooza. Jumatatu ni nyanya za kachumbari, Jumatano zimelainika unaziuza kama za mchuzi, Alhamisi unazimwaga. Ila ina wema mmoja mkubwa sana, ukikosea unakosea kwa 30,000, hukosei kwa milioni, na kesho kutwa umeshajua. Hakuna biashara nyingine inayokufundisha kununua haraka namna hii. Mtu ambaye hajawahi kuuza kitu maishani mwake mi namwambia aanzie genge hata kwa miezi 6, hata kama ana hela nyingi.

Duka sasa. Frem, yaani chumba cha duka cha kupanga, ya ndani ndani huku kwetu unapata kwa 80,000 kwa mwezi, mwenye nyumba anataka miezi 6 mkononi, hiyo ni 480,000, na dalali anataka ya mwezi mmoja, 80,000, hapo umeshatoa 560,000 na hujanunua hata kiberiti. Bado shelfu, grili, mizani, rangi, kuvuta umeme, leseni. Binti alikaa na daftari akapiga hesabu, kwenye milioni 2.3 yake anabaki na kama milioni 1.2 ya mzigo, na mzigo wa milioni 1.2 ukiupanga kwenye frem unaona ukuta. Duka likionekana tupu linajifukuzia wateja lenyewe, mtu akija mara mbili akakosa anachotaka, mara ya tatu anapita moja kwa moja kwa mangi wa mbele.

Halafu faida. Duka la rejareja mauzo ni makubwa faida ni nyembamba. Nikiuza 100,000 kwa siku, kwenye hiyo yangu ni kama 10,000 mpaka 12,000, na hapo sijatoa kodi ya frem wala umeme wala nilichokula mimi na wanangu humo humo dukani. Sukari ndo mbaya kuliko zote, inauzika sana na haina kitu, lakini huwezi kukaa bila sukari maana anayekuja kununua sukari ndo anayenunua na majani ya chai na mkate. Mwanzoni mwa 2024 mvua za El Nino zilipovuruga uzalishaji viwandani sukari ikaadimika, kilo ikafika 4,000 na zaidi, serikali ikatoa bei elekezi, sisi tukawa katikati, jumla tunanunua juu, mteja anatushika na bei ya redioni. Kuna wiki niliacha kuuza kabisa.

Hela ya duka inalala sehemu mbili. Ya kwanza ni shelfu, na hiyo haina shida sana, sabuni haiozi. Ya pili ni daftari la wanaokopa. Juzi nilijumlisha la kwangu nikakuta 214,000 iko nje, kwa watu ninaowasalimia kila asubuhi. Huwezi kukataa wote. Mama wa watu mume wake yuko Muhimbili anakuja anasema naomba unga kilo moja mpaka Ijumaa utamwambiaje, unampa, na karibu wote wanalipa, wanalipa taratibu. Ila lazima uwe na kiwango chako kichwani ambacho ukikifikia unasema hapana hata kwa ndugu. Changu ni laki 2 na nusu, nikifika hapo daftari linafungwa.

Na hapa niseme kitu kuhusu umuhimu wa hizi biashara mbili maana huwa zinadharauliwa sana. Dar ina watu milioni 5.38 kwa sensa ya 2022, na wengi wao hela wanaipata kwa siku, sio kwa mwezi. Mtu anayelipwa 10,000 jioni hawezi kununua dumu la mafuta wala gunia la mchele, ananunua mafuta ya kupima ya 500, mchele nusu, nyanya fungu moja, kitunguu kimoja. Kazi ya genge na duka ni kuvunja, yaani kuchukua lori la Iringa na kontena la bandarini na kulivunja vunja mpaka litoshe kwenye kiganja cha mtu mwenye 500. Ni kweli kwa kupima hivyo anaishia kulipa zaidi kuliko tajiri anayenunua jumla, hilo linaniuma na mi mwenyewe nimo humo. Ila bila sisi asingepika leo. Na mkulima wa Ilula naye anatutegemea sisi, hakuna supamaketi inayoweza kumaliza nyanya zake zote.

Msosi. Hapa kuna mama ntilie na kuna chipsi, na watu wanazichanganya.

Tulikaa na mama mmoja wa Temeke anayelisha mafundi gereji. Hesabu yake ya siku nzuri aliniruhusu niandike: mchele kilo 5 ni 15,000, maharage kilo 2 ni 7,000, mafuta na nyanya na vitunguu 6,000, mkaa 4,000, mchicha 2,000, maji 1,000. Jumla 35,000. Anatoa sahani 35 za 2,000, inakua 70,000. Anamlipa binti wa kuosha vyombo 7,000, anatoa 2,000 ya sehemu, mkononi inabaki 26,000. Linganisha na duka langu hapo juu lenye mzigo wa mamilioni! Na huyu mama vyombo vyake vyote, sufuria, mabenchi, jiko, turubai havifiki laki 4.

Lakini usikimbilie. Siku mbaya, mvua imenyesha, gereji hazina magari, sahani 15 tu zimetoka, mchele uliopikwa haurudi kwenye mfuko. Anaamka saa 10, mgongo unamuuma mpaka analala na kitambaa cha moto, na moshi wa mkaa ameuvuta miaka 11. Biashara ya chakula inalipa kuliko duka kwa sababu unauza nguvu zako humo ndani, bei ya wali sio ya wali, ni ya mikono yako. Pia bwana afya anakuja, lazima upime afya, wewe na msaidizi wako, na hilo ni haki ya mteja, mi nalisapoti.

Chipsi ni tofauti, ni biashara ya usiku na ya vijana, mtaji uko juu kidogo kwa sababu ya kabati na mafuta na mayai na kuku, na mafuta ya kula yakipanda inayumba ghafla. Kinachoua mabanda ya chipsi mengi ninayoyajua sio wateja, ni mwenye banda kumwachia kijana na kuja jioni kuchukua hesabu. Kama hutakaanga mwenyewe usifungue.

Hela ya msosi ndo nzuri kuliko zote kwa kulala. Hailali. Unaitoa saa 11 asubuhi, saa 9 alasiri imerudi yote na faida yake iko kwenye kanga. Moto, wizi, kuoza, hamna kinachoikuta usiku kwa sababu usiku haipo kwenye mzigo. Binti alipoliona hilo alinyamaza kimya muda mrefu.

Uwakala na boda nitaziweka pamoja, maana zote mbili watu wanaziona kama hela ya kukaa. "Nitaweka wakala", "nitanunua pikipiki nimpe mtu". Hamna hela ya kukaa.

Uwakala unataka TIN (namba ya mlipa kodi), leseni, kitambulisho cha NIDA, na mtaji wa maana, chini ya milioni 1.5 utakua unawarudisha wateja kila saa, "cash hamna", "floti hamna" (yaani hela ya kwenye simu), na mteja wa kutoa laki 3 ukimrudisha mara moja harudi tena. Faida ni kamisheni, inakuja mwishoni mwa mwezi, ndogo ndogo zimejumlishwa. M-Pesa ilipoanza Tanzania 2008 wakala alikua mfalme wa mtaa, mi niliingia mawakala wakiwa kila kona. Nikiwa humo ndo ikaja tozo ya miamala, makato ya serikali kwenye kutuma na kutoa hela, Julai 2021, watu wakaacha kutuma kabisa, wakarudi kumpa konda wa basi bahasha, kamisheni yangu ya mwezi ule ilishuka karibu nusu. Tozo zikapunguzwa asilimia 30 mwezi Septemba, mwaka uliofuata zikapunguzwa tena, lakini nilishajifunza kwamba kwenye biashara hii uamuzi wa mtu mmoja wa mbali unabadilisha chakula chako cha kesho. Sa hivi kuna lipa namba pia, mteja analipa dukani moja kwa moja bila kutoa cash, ni nzuri kwa nchi na ni nzuri kwa duka langu, ila kwa wakala kila anayelipa hivyo ni mmoja ambaye hakuja kutoa.

Na hela inalala nusu kwenye simu nusu kwenye droo. Nililizwa 380,000 siku moja na mtu aliyenipigia kwa sauti ya upole akijifanya wa makao makuu, ananiambia nithibitishe muamala, nikathibitisha. Miezi miwili ya kamisheni ilikwenda kwenye dakika nne. Kama una mzee au mdogo wako unataka kumkalisha kwenye kibanda cha wakala, mfundishe kwanza hilo kabla ya kitu kingine chochote, hakuna mtu wa kampuni anayekupigia umtajie namba ya siri.

Ushauri wangu, uwakala peke yake kwa mtaji mdogo hapana. Uwakala ndani ya duka ndiyo. Unaleta watu, anayekuja kutoa 20,000 anaondoka na mkate.

Boda. Pikipiki mpya na bima na vibali unakaribia milioni 3. Kwa mkataba, kijana anakuletea 10,000 kwa siku, siku 6, 60,000 kwa wiki, kwa miezi 14 ambayo ni wiki kama 60 inakua milioni 3.6, halafu pikipiki inakua yake. Yaani umepata faida ya 600,000 kwa miezi 14, na hapo kila wiki imeletwa, hajaumwa, haijakamatwa, haijaibiwa. Ukilinganisha na mama wa Temeke anayepata 26,000 siku nzuri unajiuliza. Ila kuna upande wa pili ambao mi nauheshimu, kijana aliyeingia na mikono mitupu ametoka na chombo chake. Wa mume wangu ni wa pili sasa, wa kwanza alimaliza mkataba akaoa. Boda zimeajiri vijana ambao viwanda havikuwachukua, na ndo wanaofika Chamazi ndani, Goba milimani, Kivule kwenye mashimo, sehemu ambazo daladala haziingii, usiku mama ana uchungu anayeamshwa ni boda. Kwaiyo kama unataka kumwinua mtoto wa ndugu yako, mpe mkataba. Kama unataka kujiinua wewe, tafuta kingine. Na kama ni kijana unayeendesha mwenyewe, hela yako inalala mlangoni na mchana iko kati ya malori, vaa helmeti, sio kwa ajili ya trafiki.

Mitumba sitakaa sana maana sijawahi kuifanya. Ninachojua, belo unalinunua limefungwa, unafungua ndo unajua umepata nini, wenye macho wanaenda minadani Karume alfajiri wanachagua moja moja, na anayechagua vizuri akapiga pasi akapiga picha akaweka mtandaoni anauza blauzi ya 3,000 kwa 15,000. Ni biashara ya jicho. Lakini usiku mzigo wote uko sokoni. Julai 2021 soko la Kariakoo liliungua, Januari 2022 likaungua la Karume, usiku, na watu waliamka asubuhi hawana hata shati la kuuza, na marejesho ya mkopo yako palepale. Na hata pasipoungua unaweza kuhamishwa, Oktoba 2021 wamachinga waliondolewa barabarani Dar nzima wakapangiwa maeneo, na sehemu ukiizoea miaka mitano wateja wanakujua kwa kona, ukihamishwa umeanza upya. Meza ya barabarani haina kodi ya pango lakini haina hati pia.

Ufundi. Hapa nataka nikae.

Siku ya 6 tulikaa kwa fundi cherehani Mbagala Zakhem, mama mwenye cherehani mbili na ovaloki moja. Alianza na cherehani moja ya kukanyaga kwenye baraza la nyumba aliyopanga. Gauni la kitenge anashona kwa 20,000, kitambaa ni cha mteja, uzi na zipu na vifungo vyake havifiki 2,500. Yaani kwenye 20,000 zaidi ya 17,000 ni ya mikono yake. Hakuna biashara tuliyokaa nayo yenye pengo hilo. Na hela yake inalala wapi? Inalala kwenye vidole. Mwizi akivunja usiku ataondoka na mashine, mama atalia, atakopa mashine ya mwenzake, kesho anashona. Hamna kitu cha kuoza, hamna cha kuungua zaidi ya vitambaa vya watu, hamna bei ya sukari.

Kinachouma ni muda. Kujifunza mpaka mtu akuachie kitambaa chake cha harusi ni mwaka na zaidi. Unaweza kwenda chuo cha ufundi cha VETA Chang'ombe, unaweza kukaa kwa fundi kama mwanafunzi ukamlipa kidogo kidogo, na SIDO tangu 1973 kazi yao ni hiyo ya viwanda vidogo, wana mafunzo, watu hawaendi tu kwa sababu wanadhani ni ya wenye viwanda. Halafu kazi zinakuja kwa mawimbi, Idi, Krismasi, sare za shule Januari, katikati kuna wiki unakaa unaangalia barabara. Na ukiumwa biashara imeumwa, huwezi kumwachia mtu vidole vyako.

Vilevile saluni, kinyozi, fundi simu, fundi friji, kuchomelea mageti, ni jamii hiyo hiyo. Mi naamini kabisa kwamba hizi ndo zinazoijenga nchi kuliko sisi wa kununua na kuuza. Sisi tunahamisha, sabuni ilikua Kariakoo sasa iko Mbagala. Fundi anachukua kitambaa anatoa gauni, anachukua vyuma anatoa geti, kitu ambacho hakikuwepo asubuhi jioni kipo. Na kila fundi ana vijana wawili watatu wanaojifunza miguuni pake bila serikali kutoa hata shilingi. Yule mama wa Zakhem ameshatoa mafundi 7 ambao wana mashine zao.

Kwa serikali sisi wote hapa ni kundi moja. Sera ya biashara ndogo na za kati ya mwaka 2003 inasema biashara yenye watu 1 mpaka 4 na mtaji usiozidi milioni 5 ni ndogo sana, kuanzia watu 5 mpaka 49 na mtaji mpaka milioni 200 ni ndogo, halafu inakuja ya kati. Utafiti wa nchi nzima wa mwaka 2012 ulikuta biashara hizi zinazidi milioni 3 na zimebeba watu zaidi ya milioni 5. Kwaiyo mtu akikwambia we una kigenge tu, mwambie nchi imekaa juu ya vigenge.

Ila kwenye kodi hatufanani hata kidogo. Mfanyabiashara mdogo anakadiriwa kwa mauzo, sio kwa faida. Mauzo chini ya milioni 4 kwa mwaka hulipi kodi hiyo ya mapato, ila milioni 4 kwa mwaka ni kama 11,000 kwa siku, hata genge linapita hapo. Sasa angalia, fundi akiuza 20,000 ya kwake ni 17,000, mi nikiuza 20,000 yangu ni 2,400, na mauzo ni yale yale kwenye karatasi. Ndo maana mwenye duka usipoandika manunuzi na mauzo yako kila siku unajiumiza mwenyewe, ukienda kwenye makadirio bila kumbukumbu utakadiriwa kwa macho. TIN ni bure, usimpe mtu hela akutafutie. Na kitu kinachowashtua wengi wakienda na mkataba wa frem, kuna asilimia 10 ya pango ambayo unatakiwa uizuie na kuipeleka TRA kwa niaba ya mwenye nyumba, wenye nyumba wengi wanakataa kukatwa, kwaiyo zungumza kabla hujalipa, sio baada.

Mtaji wa kuongezea. Kikoba cha watu mnaojuana ndo cha kwanza. Mkopo wa halmashauri wa asilimia 10 ya mapato yao, 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu, hauna riba, ulisimamishwa Aprili 2023 ukarudi 2024, unataka kikundi na uvumilivu, nendeni kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata. Kausha damu, ile mikopo ya mtaani ya riba kubwa, usiguse. Nimeona jirani yangu amechukua laki 3 anarejesha kila siku, genge lake lote likawa linafanya kazi ya kurejesha, mwisho wakaja wakabeba friji na godoro. Faida ya duka ya asilimia 10 haiwezi kulipa riba ya aina hiyo, ni hesabu tu, haiwezekani.

Kwaiyo ningempa nani nini? Mwenye laki 3 na hajawahi kuuza, genge. Mwenye milioni 5 na kwendelea, mvumilivu, anayeweza kukaa sehemu moja saa 15 kwa siku, na anajua kusema hapana, duka lenye wakala ndani, chini ya hapo duka asiliguse kwa kukodi frem, labda kama ana dirisha la nyumba yake. Mwenye nguvu na anajua kupika na anajua watu wa sehemu moja wanakula saa ngapi, msosi. Kijana chini ya miaka 25 asiye na familia ya kulisha leo, ufundi, hata kama mwaka mzima hataona hela. Na mtu mwenye ajira ambaye anataka "kuweka biashara" imsubiri jioni, mi ningemwambia aache hela benki kwanza, maana kati ya zote tulizokaa nazo hamna hata moja iliyokua inaenda vizuri bila mwenyewe kuwepo.

Siku ya 9 binti alinikatalia ushauri wangu. Mi nilitaka aende cherehani. Akasema mama mdogo, pale kiwandani tulikua tunatoka kula saa 7 kamili watu mia na kitu, dakika 40 tu, na mama mmoja peke yake ndo yuko getini, nusu yetu tulikua tunarudi na njaa kwa sababu ya foleni. Najua wanapenda nini, najua wanalipwa tarehe ngapi, najua nani hakopesheki. Sikua na la kujibu.

Alianza Jumatatu na kilo 3 za mchele, maharage na dagaa, sufuria mbili zangu na benchi moja la kuazima. Siku ya kwanza sahani 19, siku ya nne sahani 31, wawili tu wamekopa. Kwenye milioni 2.3 ametumia 340,000, nyingine iko benki na kadi ameniachia mimi. Jana kanipigia anauliza gesi ya mtungi mkubwa itakaa siku ngapi akipika wali na maharage, maana mkaa unamchelewesha na wenzake wana dakika 40.